Majirani: majivu, kuku na mayai

Mama Zuhura: Shikamooni wazee. Taka zinazochomwa nyuma ya gulio, moto ukizima tu kuku wanaingia kupekua majivu. Na mayai yao ndiyo tunawapa watoto. Kuna ubaya?

Baba Imani (mifugo): Upo, tena mkubwa. Mabomba ya plastiki ya PVC na maganda ya nyaya yana klorini. Yakiungua kwa moto wa joto la chini hivi hutoa sumu iitwayo dioksini, na shaba iliyomo ndani ya waya inaichochea zaidi. Ndiyo maana kuchoma nyaya ili kupata shaba ni kubaya kuliko yote. Sumu inabaki kwenye majivu na udongo wa juu. Kuku anayejitafutia humeza udongo gramu 10 hadi 30 kwa siku. Sumu hiyo inaishia kwenye kiini cha yai, kwa sababu inakaa kwenye mafuta. Ule ute mweupe hauna shida.

Mama Zuhura: Tukiyachemsha sana je?

Nesi Rehema: Haisaidii, mama. Tanuri la kuteketeza taka linatakiwa kupita nyuzi 850 ndipo liivunje, na maji yanachemka kwenye 100. Mwilini nayo haitoki haraka, inachukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayotuingia hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Tunalalamikia moshi, kumbe njia kubwa ni sahani.

Mzee Kombo: Hayo si mambo ya viwanda vya Ulaya?

Baba Imani: Hapana mzee wangu. Mayai ya kuku wa jirani na dampo la Dandora, Nairobi, yalipimwa na matokeo yakatolewa 2005: zaidi ya mara 6 ya kikomo cha Umoja wa Ulaya cha wakati ule.

Juma: Basi tuhamie mayai ya kisasa?

Baba Imani: Kuku wa kienyeji hana kosa, Juma, kosa ni la ardhi anayokanyaga. Wazungushieni wavu mbali na pale panapochomwa taka. Chakula wekeni kwenye chombo, msikimwage chini. Maranda yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa au rangi. Kuku aliyekwisha kula majivu anaendelea kuitoa kwenye mayai hata akihamishwa, kwa hiyo subirini miezi miwili mitatu kabla ya kuwapa watoto.

Nesi Rehema: Na jamani, acheni kuwashia jiko la mkaa kwa mifuko na malapa! Nyama na samaki wa mafuta, kata mafuta na ngozi, choma kwenye wavu yadondoke, na usiyarudishe kwenye mchuzi. Anayenyonyesha asiache, faida ya maziwa yake ni kubwa zaidi.

Mzee Kombo: Na majivu yaliyopo?

Baba Imani: Yanyunyizieni maji kwanza yasipeperuke, mfunge pua na mdomo, kisha myachote pamoja na udongo wa juu, kama sentimita 10. Tieni kwenye magunia yenye nailoni ndani, yaende na gari la taka. Yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Baada ya hapo mwageni kifusi safi juu.

Mama Zuhura: Makoleo mawili yapo kwangu. Magunia nani anayo?