Usiku wauguzi wawili wodi nzima, utawala saa tisa na nusu washaondoka. Tufanyeje?

Nesi wa Ilemela: Wakuu, naomba ushauri. Ni muuguzi wodi ya wazazi, hospitali binafsi hapa Mwanza. Usiku tunapangwa wawili. Mama akihitaji upasuaji, mmoja anatoka naye, wodi inabaki na mmoja. Zamu inaisha saa 2 asubuhi, ila tunabakizwa kujaza fomu za bima, kazi iliyokuwa ya makarani. Hatulipwi. Utawala wameongezewa watu, na vikao vyao vina posho. Tukiuliza, tunaambiwa uuguzi ni wito. Kwa uchovu huu naogopa siku moja nitampa mtu dozi isiyo yake. Nianzie wapi?

Mama Kisesa: Pole mwanangu. Usiende peke yako, watakutafutia sababu. Nendeni wodi nzima, na muwaone TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya.

Mzee wa Nyegezi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi ni kwa makubaliano, zinalipwa mara moja na nusu, na hazivuki 50 ndani ya wiki nne. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, hiyo nayo mdai. Kubwa zaidi: hakuna ruhusa ya kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kama mnaingia saa 2 usiku, saa 12 zimeshaisha kabla hamjashika fomu ya kwanza!

Karani wa Bima: Niko utawala, hospitali nyingine. Si wote tunakaa bure: fomu ikikosa sahihi, dai linakatwa, na mishahara inatoka humohumo. Lakini nesi anaandika alichompa mgonjwa, basi. Bei na madai ni kazi yetu. Ombeni karani mmoja aripoti wodini asubuhi.

Nesi wa Ilemela: Asanteni sana. La karani tutalipeleka kwa matroni Jumatatu. Ila daftari la mahudhurio tunaamriwa kusaini saa 2, hata tukitoka saa 4.

Mzee wa Nyegezi: Andikeni saa halisi mnayotoka. Wakikataa, iingie kwenye kitabu cha ripoti ya zamu, na mwenzako asaini. Piga picha rota pia, pasionekane jina la mgonjwa. Mkishindwana, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanapokea mgogoro wa namna hii ndani ya siku 60, kwa hiyo msikae na malalamiko mezani.