Mrejesho: Tuliwapeleka watoto Entebbe

Asanteni sana mlionijibu nilipouliza niwapeleke wapi wikiendi wapwa zangu wawili, wa miaka 4 na 6, waliokuja Kampala kutoka Mombasa. Jumamosi tulikwenda Entebbe. Kwenye bustani ya wanyama yule mdogo aligoma kabisa kuondoka mbele ya ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu. Ndege hatikisiki, mtoto naye kashika wavu, kanyamaza kimya. Simba wala hakuwa na habari nao! Mchana tukahamia bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa mwaka 1898, tukala rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) tulizofungiwa barabarani huku mbega wakirukaruka juu ya miti. Jumapili tulipumzika. Wiki ijayo, Mungu akipenda, Kayabwe: mguu mmoja kaskazini mwa ikweta, mwingine kusini.