Taa ya MX-5 ya kushoto haipandi

Swali: Wakuu habarini, nina Mazda MX-5 ya 1991, ile gari ndogo ya michezo yenye taa za mbele zinazolala ndani ya boneti na kupanda ukiziwasha, niko nayo huku Uingereza, juzi baada ya baridi kali nimewasha taa, ya kulia ikapanda ya kushoto ikabaki imelala, nasikia mota inanguruma kidogo halafu kimya. Naogopa kuivuta kwa mkono. Nianzie wapi?

Jibu: Usiivute kabisa mkuu! Zima taa, chomoa fyuzi ya hizo mota kwanza maana ikishtuka vidole viko humo humo. Fungua boneti, juu ya mota kuna kifuniko cha mpira, kibandue utakuta kinobu, kizungushe taratibu mpaka taa isimame yote, mizunguko ni mingi vumilia tu.

Jibu: Mota kama inanguruma basi umeme unafika, mimi nashuku maungio ya mkono wa kuinua yamekauka. Safisha kutu, pulizia WD-40 (mafuta mepesi ya kulegeza kutu), halafu paka grisi, usiishie kwenye WD-40 peke yake inakauka haraka.

Muuliza swali: Asanteni sana wakuu, imepanda! Ungio la chini lilikuwa limeganda kwa kutu, grisi ya zamani imekuwa ngumu kama nta, nimekwangua kwa mswaki wa zamani. Kesho nafanya na ya kulia.