Naomba ushauri, MATLAB inagoma kuhifadhi data za faili la teksti kwenye arei

Wakuu habari za jioni, huku Mbeya baridi kali ila kinachonitetemesha ni hii kodi (code) ninayoandika kwenye MATLAB, programu ya mahesabu. Nina faili la vipimo vya mvua, kila mstari una kituo, tarehe, milimita na joto, vimetenganishwa kwa koma, nasoma mstari mmoja mmoja kwa fgetl, nakata kwenye koma kwa strsplit alafu kwenye lupu (hatua zinazojirudia kwa kila mstari) naweka kila safu kwenye arei yake, yaani orodha yake ya data. Kituo cha Uyole kinaingia fresh maana ndo cha kwanza, ikifika kituo cha Tukuyu inagoma, inasema kushoto 1-by-5 kulia 1-by-6, yaani inahesabu herufi za jina! Nikiliruka jina inaenda mpaka mstari ambao mvua haikupimwa, koma mbili zimefuatana, strsplit inazimeza kama koma moja nabaki na safu pungufu. Jamaa ananiambia jaza sifuri, sitaki kabisa, sifuri kwenye mvua maana yake haikunyesha, sio kwamba hakuna aliyepima. Sasa majina niyaweke kwenye seli arei (arei inayokubali maneno ya urefu tofauti), nizime CollapseDelimiters (ndo inayofanya strsplit imeze koma zilizofuatana) na kwenye pengo niweke NaN, yaani alama ya kwamba hakuna namba, au niachane na lupu nitumie readtable tu, inayosoma faili zima kwa mpigo kama jedwali? Mashine yangu RAM ndogo na faili ni refu balaa.