Naomba ushauri: saketi ya soketi inasoma chini kwenye mega, na upimaji wa umahiri umekaribia

Ndugu mafundi na walimu wa umeme, habari za kazi.

Ninajiandaa kwa upimaji wa umahiri wa ufungaji umeme majumbani hapa Moshi. Kazi nitakayokaguliwa ni nyumba ndogo yenye saketi ya taa ya waya wa milimita za mraba 1.5, saketi ya soketi ya 2.5, na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) ya miliampia 30. Taa hazina shida, hata swichi za njia mbili za koridoni. Kwenye soketi, nikipima kwa mega (kifaa cha kupima insulesheni ya waya) ya volti 500, kati ya waya wa moto na nyutro usomaji ni mzuri, lakini kati ya nyutro na erthi napata megaomu 0.4 tu, ilhali kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1.

Swichi kuu imezimwa, hakuna kifaa kilichochomekwa, na nyutro ya saketi hiyo nimeitoa kwenye baa yake. Nilipotenganisha waya kwenye soketi ya katikati, upande wa bodi ya umeme ulisoma vizuri. Upungufu ukabaki upande wa jikoni, ambako paipu imepita kwenye ukuta uliolowa mvua za masika. Soketi za huko nimezifungua, sikuona waya uliobanwa wala kuchubuka, ingawa ndani ya boksi moja la chuma kuna kutu mbichi.

Je, unyevu peke yake unaweza kushusha usomaji kiasi hiki wakati waya ni mzima, au nivute waya mpya kabisa? Na ukuta ukikauka, usomaji ukapanda kidogo tu juu ya megaomu 1, ni sahihi kuikabidhi kazi hiyo kwa mpimaji, wakati nyumba itakuja kukaliwa na watu?