Tupeane uzoefu: hela za shule zinaishia kwenye pepa, vitabu vya hadithi je?

Wakuu, mwanangu yuko darasa la nne shule ya serikali. Juzi kikao cha wazazi kimepitisha 1,000 kila Ijumaa ya "mtihani wa wiki". Nikauliza vitabu vya hadithi, nikajibiwa si ajenda ya leo. Ruzuku ya serikali shule ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Sisi tutaipita kabla ya kufunga shule, na yote inaishia kwenye mashine ya kudurufu. Kwenu ikoje?

Mwalimu wa la saba: Msitulaumu sana. Nikiitwa kwenye kata siulizwi watoto wamesoma vitabu vingapi, naulizwa wastani wa moko, ule mtihani wa majaribio. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, walipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 nikajua tutapumua. Wapi! Huku chini tunapangwa vilevile. Vitabu vya msaada tunavyo maboksi mawili, yamefungiwa ofisini. Kikipotea kimoja, nani atalipa?

Baba wawili: Wa kwangu alikuwa analeta 43 kwa 50. Siku moja nikampa gazeti anisomee, akaanza kugugumia kama la kwanza. Namuuliza, hizo 43 unazitoa wapi? "Baba, jibu refu ndilo huwa lenyewe." Nilicheka, halafu usiku sikulala.

Mkulima: Mimi natetea pepa. Huku kwetu bila kambi ya la saba ya kujiandaa na mtihani, mtoto anashinda porini na ng'ombe. Vitabu vya hadithi ni maneno ya mjini.

Mama Ijumaa: Mkulima, hata sisi si wa mjini. Tuliomba Ijumaa moja kwa mwezi isiwe na pepa, ile 1,000 iende kwenye vitabu. Watoto 60, ni 60,000, tukapata vitabu vyembamba 12. Tukafunga kamba darasani, tukavining'iniza kwa vibanio vya nguo. Hakuna kabati, hakuna kufuli. Viwili vimechanika. Kimoja hakijarudi, mama wa mtoto anasema hajakimaliza. Mama, siyo mtoto.

Mleta mada: 😂 Mwalimu mkuu mlimwambiaje akakubali?

Mama Ijumaa: Alikataa mara mbili. Ya tatu tulichanga wenyewe kwanza, tukaenda na vitabu na risiti, watoto wakiwa mlangoni wanachungulia.