Amekalia benchi walilochomelea wanafunzi wangu, halafu anasema haoni ushahidi wa vitendo!

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Wakuu, naandika vumbi la gari lake bado halijatulia hapo getini. Herufi zikipotea mtanisamehe, mikono inatetemeka kwa hasira.

Kaja tena yule bwana mkaguzi. Simtaji, na sisemi anatoka ofisi ipi. Wote mnaofundisha fani kuanzia Nanyumbu hadi Kilwa mnamjua: wa kalamu nyekundu tatu mfukoni, miwani juu ya paji la uso, anayeyasalimia mafaili kabla ya kumsalimia mkuu wa shule. Akiingia karakana hata grenda linajizima lenyewe.

Leo kaingia kwangu, uchomeleaji. Vijana wamefagia tangu alfajiri, ovaroli zimefuliwa, kazi zao wamezipanga sakafuni: fremu za dirisha, jiko la mkaa, mlango wa banda la kuku. Kuna binti mmoja kaunga kona ya fremu, mshono umelala sawasawa mwanzo hadi mwisho, hauna tundu, hauna uchafu ulionasa ndani, kaupiga brashi ya waya mpaka unang'aa. Binti huyo mwaka jana alikuwa akigusisha rodi inanata kwenye chuma, anaogopa, anaitupa koleo. Nilitaka yule bwana autazame mshono ule tu. Mshono mmoja!

Hakuutazama. Akauliza pa kukaa. Kijana akakimbia kumletea benchi. Benchi lenyewe ni la kwao wenyewe: miguu ya skwea paipu, waliikata kwa msumeno wa mkono kwa sababu umeme haukuwepo, uliporudi wakachomelea, wakapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mbao za juu wakaranda wenzao wa useremala. Akakaa. Akajinyoosha. Mtu mzima na kilo zake, benchi halikulia hata kidogo. Akafungua kifuko chake cha korosho, akafungua fomu, akapitisha kalamu kutoka juu hadi chini, akasema kwa sauti ya mnadani, mbele ya watoto:

"Mwalimu, sioni ushahidi wowote kwamba hapa mafunzo kwa vitendo yanafanyika."

AMEUKALIA WAKUU! Ushahidi ameukalia! Kaukalia wote, hakubakiza hata ncha!

Nikamwambia kwa adabu, mzee wangu, hilo benchi ulilokalia wametengeneza hawa hawa. Hakuinama hata kulitazama. Akanijibu, "Benchi halimo kwenye fomu."

Halimo kwenye fomu! Mtu kakaa juu ya kitu, kitu kimembeba, na kitu hakipo! Yule binti alikuwa amesimama pale na fremu yake mkononi. Akaiweka chini polepole, akarudi nyuma ya wenzake.

Hivi Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, iliandikwa ya nini? Mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha fani za mikono, ulianza na Kidato cha Kwanza Januari 2024 ili watoto wafanye nini, wajaze fomu? Tumehubiriwa umahiri mpaka masikio yameota sugu: mwanafunzi anapimwa kwa anachoweza kufanya. Sasa kafanya. Kafanya, na mkubwa kakikalia.

Wala msinijie na hadithi kwamba sitaki kukaguliwa. Nataka! Kagua mtungi wa zimamoto kama umepimwa. Kagua sanduku la huduma ya kwanza. Kagua vioo vyeusi vya kuchomelea kama vinawatosha, maana mtoto akitazama mwanga wa rodi kwa macho matupu usiku halali, macho yanakereketa kama yametiwa mchanga. Waya wa ardhi wa mashine, uguse kwa mkono wako ujue umebana au umelegea. Hivyo ndivyo vinavyoua watu karakanani. Nilikuwa namsubiri avifikie. Hakunyanyuka kwenye benchi mpaka korosho zilipoisha!

---

Siti ya Mbele

Nimewahi. Mwenye korosho asogee huku.

---

Jiliwa wa Masasi

Huyo huyo mkuu! Kwangu umeme wa majumbani alikuta vijana wamefunga bodi nzima, soketi, swichi, taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu. Inawaka! Akaomba orodha ya vifaa iliyosainiwa. Nikampa. Akaitazama wee, akasema saini imelala upande.

Saini, ndugu zangu. Imelala upande.

---

Mchokozi wa Mikindani

Mleta mada, swali moja tu, sitaki ugomvi. Shajala ya somo, lile daftari la kuandika kilichofundishwa, ilikuwa imejazwa?

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Imejazwa hadi somo la jana! Azimio la kazi lipo, andalio la somo lipo, mahudhurio yapo. Na shajala aliishika kwa mkono wake. Unajua aliifanyia nini? Aliifungua katikati akawa anawekea yale maganda membamba mekundu ya korosho. Akimenya moja anaweka, akimenya nyingine anaweka. Nimekuja kuyakung'uta mimi.

---

Mchokozi wa Mikindani

Tuliza mshono mkuu. Nimeuliza tu. Ila aliyejaza vizuri huwa hapigi kelele hivi.

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

KAKALIA BENCHI! Shajala inaingiaje hapa? Kakalia benchi la wanafunzi akasema hawajafanya kitu!

---

Bawaba

Hahaha, mwalimu povu linamtoka mpaka Shimo la Mungu, lile bonde la Newala, linajaa.

---

Kifungu cha Pili

Watu mnachanganya mambo, ngoja niweke sawa. Sekondari ya serikali mwenye shule ni TAMISEMI, sera na uthibiti ubora ni wizara ya elimu. Vyuo vya ufundi stadi ni habari nyingine: VETA, mamlaka ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya 1994 na ndiyo ilikuwa inavisajili, lakini NACTE, baraza la elimu ya ufundi, ilipogeuka NACTVET mwaka 2021 usajili na ithibati vikahamia huko, VETA ikabaki kufundisha. Usalama wa karakana kama mahali pa kazi una sheria yake ya 2003, hiyo inasimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Kwa hiyo mleta mada alitakiwa kwanza aulize huyo mgeni kaja kwa mamlaka gani na anatumia mwongozo upi, kabla hata ya kumpa kiti.

---

Siti ya Mbele

Kifungu umeandika vizuri. Sijasoma.

---

Jiliwa wa Masasi

@Kifungu, wewe ukiona gari la ofisi linaingia getini utauliza "kwa mamlaka gani"? Utauliza kwa mdomo upi?

---

Mama Cherehani, Lindi

Kaka Fundi pole sana, ila kwangu ni zaidi. Nafundisha ushonaji. Kaingia, hata hodi hakupiga, anahesabu vyerehani kwa kidole. Akaandika uwiano wa mashine na wanafunzi haujafikiwa. Sawa, ni kweli wanapokezana, sijabisha, wala hela ya kununua mashine siyo mimi ninayeishika. Sasa anataka kutoka, pindo la suruali likanasa kwenye msumari wa mlango likaachia. Akamwomba mwanafunzi wangu amtilie uzi. Mtoto akapiga pale pale, mshono wa ndani, hauonekani kwa nje. Kavaa, kajitazama, kafurahi, kasema ahsante binti.

Ripoti ilivyokuja: "Umahiri wa wanafunzi haujadhihirika."

Nenda ukamwangalie leo. Pindo lile lile bado anatembea nalo!

---

Bawaba

Dada hii imenimaliza. Kumbe jamaa anavaa ushahidi na anakalia ushahidi.

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Mmeona? Mmeona sasa? Ndiyo tabia yake. Ila dada, kwako angalau alisema ahsante. Kwangu alipofuta mikono alifutia wapi? Kwenye benchi. Lile lile.

---

Spana 14

Nyie walimu mnalia sana, hebu na sisi wenye gereji tusemeni. Mimi nina vijana zaidi ya kumi, kwa hiyo nalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Iliposhushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 kuja 3.5 nilishukuru, lakini bado inatoka kila mwezi. Halafu mnaniletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nikimwambia nipe spana 14 ananiletea 17, anatabasamu. Kitabu chake cha kumbukumbu nakijaza mimi. Kwenye kitabu pameandikwa msimamizi kutoka shuleni atapita kuangalia. Hajapita. Huyo mkaguzi wenu hajapita. Nani ananikagua mimi kama nawafundisha au nawatumia kufagia?

---

Mchokozi wa Mikindani

Spana, kwa hiyo unawatumia kufagia?

---

Spana 14

Nimesema "au".

---

Mama Cherehani, Lindi

Spana 14 tena wewe kaa kimya. Binti yangu alikuja mazoezini gereji huko Mtwara mjini, akarudi anajua kupika chai ya mafundi kumi na wawili na hajui kubadilisha plagi. Sijui kama ni gereji yako, lakini kofia imekutosha.

---

Spana 14

Haikuwa yangu. Kwangu chai tunanunua.

---

Mbibo Mwekundu

Samahani wakuu, nimechelewa. Hilo benchi mnauza bei gani? Nina kibanda cha supu ya pweza, wateja wanasimama.

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Mkuu watu tunalia hapa wewe unaleta biashara? Lile benchi haliuzwi. Linabaki pale pale karakanani, na akirudi namwekea lile lile.

---

Mbibo Mwekundu

Basi kama lile. Mawili. Hizo skwea paipu ni inchi moja au moja na nusu?

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Moja na nusu. Lakini turudi kwenye mada. Mtu anakaa juu ya kazi ya watoto...

---

Siti ya Mbele

Mbibo, pweza wako wa leo au wa jana?

---

Mbibo Mwekundu

Wa leo asubuhi, kupwa kwa maji.

---

Mkulima Tandahimba

Mimi nimesoma uzi wote nikabaki na swali la korosho. Alikuwa anakula za wapi mwezi huu? Maana zile nzima nzima nyeupe huku kwetu tunakolima hatuzioni, tunazikuta zimefungwa kwenye vifuko mjini.

---

Jiliwa wa Masasi

Za Newala hizo.

---

Mama Cherehani, Lindi

Newala wapi! Korosho tamu ni ya Ruangwa na Nachingwea.

---

Mkulima Tandahimba

Lindi nyie endeleeni na ufuta wenu, korosho mtuachie Mtwara.

---

Mama Cherehani, Lindi

Ufuta wetu unalipa kabla korosho yenu haijachanua. Na ming'oko pia mje mchimbe kwetu.

---

Fundi wa Uwandani (mleta mada)

Wakuu, BENCHI.

---

Mkulima Tandahimba

Mwalimu tumekuelewa, pole. Ila mikorosho inaanza kutoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga umeshaanza kuonekana, majani machanga yamepauka unga mweupe. AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, wanatuambia salfa ya ruzuku, dawa yake, ipo njiani. Nimeambiwa jina langu kwenye daftari la wakulima limekosewa herufi, nikarekebishe kwanza ndiyo nipewe mgao. Ubwiriunga unasubiri herufi?

---

Kifungu cha Pili

Mzee wangu, nenda kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kitambulisho, uhakikiwe upya.

---

Mkulima Tandahimba

Nimeenda. Kasema mwenye kishikwambi kaenda semina.

---

Bawaba

Na kwetu hivyo hivyo. Semina ya siku ngapi? Mwenye kujua Nanyamba salfa imefika au bado aseme, nina mota ya kupulizia nimeikodi na inahesabiwa kwa siku.